Pumziko Si Mshahara

Methali ya mchumia juani hulia kivulini haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Voi. Mji wetu uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Sagalla upande mmoja na nyika ya Tsavo upande mwingine, na jua la saa saba mchana hapa halibembelezi mtu. Ukimwona mtu amekaa chini ya mwarobaini saa hiyo, unajua ama amemaliza kazi ama hana kazi. Hakuna wa tatu.

Hapo ndipo methali yenyewe inaponikwaza. Inasema kivuli ni malipo ya jua. Kwamba kwanza unateseka, halafu unastahili, halafu unapumzika. Ni wazo ambalo wengi wetu tumelelewa nalo bila kulihoji, na siku hizi limevaa nguo mpya linaitwa hasla. Msee anajisifu kwamba amelala saa tatu. Mwingine anaandika kwenye status yake kwamba usingizi ni wa waliofika. Mimi naandika kwa malipo ya kila makala, sina mwajiri wala siku ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo lugha hiyo naifahamu vizuri.

Lakini pia nakimbia. Si kwa kiwango cha kuandikwa gazetini, ila kwa miaka kadhaa sasa, alfajiri, na watu watano wengine, barabara ya Mwatate na njia za vumbi zilizoko kando ya reli. Na kadiri ninavyowatazama wanaokimbia vizuri kuniliko, ndivyo ninavyoamini kwamba methali ile imetufundisha jambo moja visivyo. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, pumziko ni sehemu ya kazi kama zilivyo kilomita zenyewe. Na kama ni hivyo, basi swali la nani anapumzika na nani hapumziki ni swali la haki. Bidii na uvivu haviwezi kulijibu peke yake.

Tuanze na mwili, kwa sababu mwili hauna siasa.

Ukikimbia kilomita 20, wakati ule hujengi chochote. Unabomoa. Nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini inapungua. Mifupa inapata nyufa ndogo mno zisizoonekana. Ujenzi unaanza ukishavua viatu. Misuli inarekebishwa zaidi ukiwa umelala. Ile akiba ya sukari inahitaji karibu siku nzima, na chakula cha kutosha, ili ijae tena. Mfupa nao una tabia ya kushangaza: kabla haujajiimarisha, huondoa kwanza sehemu iliyochoka, kwa hiyo kuna kipindi unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Ukiulazimisha katika kipindi hicho, unavunjika, na mara nyingi unavunjika wakati ule ule mkimbiaji anapojiona yuko vizuri kabisa.

Mpishi wa chapati anayajua haya yote bila kusoma sayansi. Unga ukishakandwa huachwa utulie. Ukianza kuusukuma papo hapo, unajivuta kurudi ndani, na chapati inatoka ngumu kama sole ya kiatu. Hakuna anayesema unga ule ni mvivu. Hakuna anayesema umestahili kutulia kwa sababu ulikandwa sana. Kutulia ni hatua ya mapishi, basi.

Hata lugha yetu ilijua. Kupumzika kunatokana na ukoo mmoja na pumzi na kupumua. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa avute pumzi atakapomaliza kazi.

Sasa twende Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang. Watu hupenda kutaja namba kubwa: zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, saa 2:01:09 Berlin mwaka 2022. Namba wasizozipenda sana ni zile za upole. Katika juma lake, siku ngumu ni tatu: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Siku zilizobaki ni za kukimbia taratibu, mwanzoni mwendo ambao mimi na wewe tungeweza kumfuata tukipiga soga. Kipchoge mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajikamui mpaka tone la mwisho; nguvu yote anaiwekea siku ya mashindano. Na baada ya marathoni hukaa wiki kadhaa bila mazoezi ya maana, akiwa mtu wa nyumbani tu.

Kwa hiyo bingwa wa bidii, yule tunayembandika ukutani ili tuone aibu ya kulala, ni bingwa wa kupumzika pia. Ukitaka kumwiga kwa kukimbia kila siku mpaka utapike, unamwiga mtu mwingine.

Lakini kuna kitu katika picha ya Kaptagat ambacho huwa tunakiruka. Kambini kuna kitanda. Kuna chakula kitakachokuwa mezani wanariadha wakirudi. Wanafanya usafi wenyewe, Kipchoge naye akiwa zamu, lakini kati ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni kazi yao ni kulala na kunywa chai. Wanariadha wetu wengine wengi hulelewa na polisi, magereza au jeshi, wakipata mshahara wa mwezi huku kazi yao kubwa ikiwa ni mazoezi. Yaani pumziko lao limelipiwa. Kuna mtu, au taasisi, iliyosema: sisi tutabeba gharama ya saa zako za kulala, kwa sababu bila hizo huwezi kushinda.

Haya, sasa rudi Voi.

Katika kikundi chetu kuna jamaa mmoja, nitamwita Dereva. Ana miaka ishirini na mbili. Anaendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni lazima apeleke hesabu, shilingi 300, iwe amepata abiria au hakupata. Anakimbia vizuri sana. Ndoto yake ni kuajiriwa kwenye vikosi kupitia riadha, na anajua mlango ule haufunguki kila mwaka, na ukifunguka haukai wazi muda mrefu. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani na sisi. Saa moja yuko stendi. Anarudi nyumbani saa mbili usiku.

Mwaka jana alianza kulalamika muundi wa mguu. Mmoja wetu, aliyekuwa amesoma mambo ya mazoezi, akamwambia kwa nia njema: "Kaka, pumzika siku moja kwa wiki. Chagua Jumatano, usikimbie."

Akajibu, "Jumatano nisipokimbia, nitakuwa nafanya nini?"

"Unapumzika."

"Nitakuwa kwa pikipiki, bro. Saa kumi na mbili badala ya kumi na moja. Hiyo ndiyo unaita kupumzika?"

Tukacheka, lakini nimelibeba jibu lile tangu siku hiyo. Kwa sababu Dereva alikuwa ameona kosa ambalo vitabu vingi vya mazoezi vinalifanya kimya kimya. Vitabu vinahesabu mzigo wa mbio tu. Vinachukulia kwamba mtu akishavua viatu, mzigo umeisha. Lakini mwili hautenganishi mzigo wa mbio na mzigo mwingine. Kuinama juu ya usukani kutwa nzima kwenye matuta na vumbi, ni mzigo. Kukata mkonge kule Mwatate, kazi ambayo kwa desturi hulipwa kwa kiasi ulichokata, ni mzigo. Kubeba mitungi ya maji mifereji ikikauka, ni mzigo. Hata kulala ukiwaza deni la duka ni mzigo, kwa sababu usingizi wa mtu mwenye deni ni mwepesi, na misuli inasubiri usingizi mzito ili irekebishwe.

Katika kikundi pia kuna dada mmoja wa Mwakingali anayeuza viazi karai na mahamri. Kwake Jumapili ni siku ya kutokimbia, na kwa sababu hakimbii, ndiyo siku ya kufua nguo za nyumba nzima. Siku moja alituambia kwamba Jumatatu huwa amechoka kuliko Jumamosi. Ukimwekea ratiba ya wiki kwenye karatasi, Jumapili yake itaandikwa "pumziko". Ukimuuliza mgongo wake, utakuambia vingine.

Kwa hiyo siku ya kupumzika haipatikani kwa kufuta mazoezi kwenye kalenda. Inapatikana mzigo wote unapopungua. Na kupunguza mzigo wote kuna gharama, na gharama ina mwenye kuilipa. Ukimwambia maskini apumzike bila kuuliza nani atalipa, umempa ushauri wa bure unaogharimu shilingi 300.

Nikiwa muhula wa kwanza chuoni, kabla karo haijakatikia njiani, tulisomeshwa kidogo kuhusu Aristotle. Yeye aliona kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha, na kwamba maisha ya juu kabisa yako katika ile faragha, mtu anapokuwa huru kutafakari. Nilipenda wazo hilo, kwa sababu liliigeuza methali yetu: kivuli ndiyo shabaha, jua ni njia tu. Lakini Aristotle aliandika hayo katika dunia ambayo kazi nyingi zilifanywa na watumwa. Faragha ya wachache ilikuwa uchovu wa wengi. Tangu hapo ninapoona mtu amepumzika vizuri huwa najiuliza swali ambalo si la wivu: ni nani amechoka badala yake?

Kuna upande wa pili, na ni lazima niuseme, kwa sababu mtu anaweza kunisoma akadhani nasifu kukaa bure.

Nilipotoka chuoni, watu waliponiuliza niko wapi siku hizi, nilijibu kama vijana wote wa nchi hii wanavyojibu: "Niko tu." Jibu hili lina maneno mawili na ndani yake kuna huzuni ya kutosha kujaza kitabu. Mtu aliye tu hafanyi kazi, lakini pia hapumziki. Pumziko lina kingo mbili, upande wa nyuma kuna kazi iliyofanywa na upande wa mbele kuna kazi inayosubiri. Kuwa tu hakuna kingo. Ndiyo maana kijana asiye na kazi anaamka amechoka. Na ndiyo maana mbio zimewaokoa wengi wetu: zinarudisha kingo. Ukikimbia kwelikweli Jumanne, Jumatano ya kukaa inakuwa na maana.

Kwa hiyo siwezi kusema kazi ni adui. Ninachosema ni kwamba kazi na pumziko ni kitu kimoja chenye pande mbili, na ukimnyang'anya mtu upande mmoja, umemharibia na wa pili.

Na uhuru je? Vipi kuhusu mtu anayeweza kupumzika lakini hataki?

Hapa lazima nimtaje Kelvin Kiptum. Tarehe 8 Oktoba 2023 huko Chicago alikimbia marathoni kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia, katika marathoni yake ya tatu tu. Kwa maelezo ya kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, Kiptum alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, wakati mwingine zaidi ya 300, bila siku maalum ya kupumzika. Walipumzika pale mwili ulipodai. Kocha huyo huyo alisema hadharani kwamba anahofia kijana wake hatadumu, kwamba kwa mwendo ule anaweza kuwa amekwisha baada ya miaka mitano, na kwamba alijaribu kumwambia apunguze lakini hakutaka. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 wote wawili walifariki kwenye ajali ya gari karibu na Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24.

Kifo chake hakikutokana na mazoezi, na mtu asikigeuze kuwa fundisho kuhusu kupumzika. Hatutajua kamwe kama kocha alikuwa sahihi. Kinachobaki ni lile jambo lililokuwa kati yao wawili: mtu anayekupenda anakuambia punguza, na wewe unasikia ndani yako kwamba wakati wako ni sasa.

Mimi naona kwamba mtu mzima ana haki ya kujichosha kwa ajili ya kitu anachokipenda. Mwili ni wake. Wanaosema "punda afe, mzigo ufike" wananiudhi kwa sababu methali hiyo husemwa na mwenye mzigo. Kama punda mwenyewe angeisema, na mzigo ukawa wake, ningemwelewa. Lakini haki ya kukataa pumziko inakuwa haki pale tu pumziko linapokuwepo. Kiptum alikuwa na kocha aliyemwambia, kitanda cha kulala na muda wa kukitumia. Akachagua. Dereva wetu hajachagua chochote. Kumsifu kwamba "hapumziki, ana njaa ya mafanikio" ni kumpa sifa ya uamuzi ambao hakuufanya. Njaa anayo, ni kweli, lakini nyingine ni njaa ya kawaida tu.

Wanadamu walilijua hili zamani, na wakaliandika. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Angalia jinsi ilivyoandikwa: haisemi siku moja kama amefanya vizuri. Inasema siku moja. Tatizo ni neno mwajiriwa. Mtu wa bodaboda anayepeleka hesabu, mama wa mahamri, mwandishi wa makala za kulipwa kwa moja moja, hawa wote sheria inawapita kwa juu kama treni ya SGR inavyowapita ndovu wa Tsavo.

Hata saba yenyewe si namba ya mwili. Juma letu la Kiswahili linaanza kuhesabiwa baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumapili ni ya pili tu, haina dalili ya kupumzika hata kidogo. Meb Keflezighi, mzaliwa wa Eritrea, alipofikia umri wa kutoweza kupona haraka aliachana na wiki ya siku saba akafuata mzunguko wa siku tisa, akashinda Boston mwaka 2014 akiwa na miaka 38. Hapa kwetu kuna asubuhi ambapo habari inapita kwamba ndovu wameonekana barabarani, na hakuna anayetoka. Siku hiyo hata wabishi wanapumzika. Kwa hiyo sibishani kuhusu siku gani. Nabishania kwamba iwepo, na kwamba isiwe ya wenye bahati peke yao.

Ukitaka ushauri wa kawaida wa mkimbiaji, ni huu, na ni mfupi. Siku ngumu zisizidi mbili au tatu kwa wiki, na kati yake kuwe na siku nyepesi kweli, mwendo wa kuongea. Siku moja usikimbie kabisa. Kila wiki ya nne punguza kilomita. Hesabu mzigo wote: kama jana ulibeba mawe ya ujenzi, jana ilikuwa siku ngumu hata kama hukukimbia hatua moja. Pima mapigo ya moyo ukiamka kabla hujanyanyuka kitandani. Yakipanda kuliko kawaida yako siku mbili tatu mfululizo, mwili unakuambia kitu. Na maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja si ya kuvumilia.

Lakini ushauri wa kawaida hauishi mpaka ujibu swali la hesabu. Sisi sita tulilijibu kwa njia tunayoijua, njia ya chama. Kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki. Sita mara hamsini ni 300. Wiki hii zinakwenda kwa Dereva: Jumatano pikipiki inabaki uani, hesabu ya mwenyewe inalipwa, na yeye analala. Wiki ijayo ni za dada wa Mwakingali, analipa mtu wa kufua. Zamu inazunguka kama merigoraundi yoyote, tofauti ni kwamba sisi hatununui sufuria wala magodoro. Tunanunuliana usingizi.

Si suluhisho la nchi. Siku moja katika kila wiki sita ni kidogo mno, na siku hiyo moja Dereva bado anakosa kile ambacho angepata juu ya hesabu. Kuna waliotucheka, wakasema kuchangia mtu alale ni mambo ya watu walioshiba. Mwanzoni Dereva mwenyewe alikataa. Alisema hajafanya chochote cha kustahili pesa yetu.

Dada wa mahamri ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Wewe si umechoka? Basi."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu haki, mengine nikiwa chuoni na mengine nikiwa niko tu. Sijaona hoja inayolizidi jibu hilo. Hakumuuliza amekimbia kilomita ngapi wala amebeba abiria wangapi. Uchovu ulikuwa sababu tosha, kama kiu ilivyo sababu tosha ya maji.

Jumatano hiyo Dereva alilala mpaka saa tatu asubuhi. Muundi bado unamsumbua mara moja moja. Zamu yake nyingine ni mwezi ujao.